Makala yako Wikipedia imefutwa kwa kunakili? Uliza hapa kabla hujawatukana wakabidhi

FundiKigezo (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salaam. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile za "nawezaje kuwekwa Wikipedia", hii ni habari nyingine.

Kila likipita shindano la uandishi au editathoni (kikao cha watu kuhariri Wikipedia pamoja), malalamiko huwa yale yale: "Wikipedia ya Kiswahili yenyewe makala za kuokoteza, halafu mnafuta!" Mimi si mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, kitufe cha kufuta sina. Ni mhariri tu ninayeshinda kwenye ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni, na baadhi ya hizo mnazozililia ni mimi niliyezibandika kigezo cha futa, yaani tangazo la kuomba ukurasa ufutwe. Kwa hiyo lawama zileteni hapa hapa.

Nianze na kitu ambacho wengi wanakiruka. Pale karibu na kitufe cha kuhifadhi kuna maneno madogo. Yanasema unachoandika unakitoa kwa leseni ya Creative Commons, ile ya CC BY-SA. Tangu 2023 ni toleo la 4.0, kuanzia 2009 lilikuwa 3.0, na kabla ya hapo ilitumika leseni nyingine huria, GFDL. Kwa lugha ya mtaani ni hivi: mtu yeyote ana ruhusa ya kuchukua ulichoandika, akakibadili, akakichapa kitabu na kukiuza Kariakoo, ili mradi ataje kilikotoka na yeye akiachie kwa masharti hayo hayo. Sasa wewe ukichukua makala ya gazeti ukaimwaga pale, umeupa ulimwengu ruhusa ya kuuza jasho la mwandishi ambaye hamjawahi hata kusalimiana. Na hata ukiandika "kwa hisani ya" chini yake, hukuwa na cha kutoa. Kutaja chanzo kunakuondolea aibu ya kujifanya kazi ni yako. Ruhusa ya mwenye kazi bado huna.

Wala msiniambie "haikuandikwa popote kwamba haki zote zimehifadhiwa". Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya wana ya 2001, Zanzibar ya 2003, na nyuma yake upo Mkataba wa Berne wa 1886. Kote huko kazi inalindwa tangu inapoandikwa. Hakuna fomu ya kujaza kwanza wala muhuri.

Zinatambulikaje? Mara nyingi zinajitaja zenyewe. Unakuta wasifu wa mbunge umeandikwa "akizungumza na gazeti hili jana". Jana ipi? Unakuta "kama inavyoonekana kwenye jedwali hapo juu" na jedwali halipo. Unakuta "SOMA PIA" katikati ya aya, au maneno yamekatwa kwa vistari ovyo kwa sababu yalitoka kwenye PDF ya safu mbili. Halafu fungua historia ya ukurasa: mtu kajiunga leo, haririo lake la kwanza ni baiti elfu tisa kwa mkupuo mmoja, hakuna kiungo hata kimoja cha ndani, Kiswahili kimenyooka. Haririo lake la pili ni kuuliza jambo kwenye ukurasa wa majadiliano, na hapo nukta na herufi kubwa zote zimeota mbawa. Ukiona hivyo, chukua sentensi moja isiyo ya kawaida, iweke ndani ya alama za kunukuu, itafute.

Kuna pia chombo kinachoitwa Earwig. Unakipa jina la makala, kinalinganisha na kurasa za mtandaoni na kukupa asilimia. Msikiamini kama kadhi. Jina refu la cheo tu, kwa mfano "Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania", likijirudia mara nne linapandisha asilimia bure. Na kwetu kina upofu mkubwa zaidi: mtu akichukua ukurasa wa Kiingereza akaupitisha kwenye mashine ya kutafsiri, hakioni kitu.

Karibuni.

Mchokonozi

Mkuu umeandika vizuri ila nina swali la kichokozi. Magazeti yenyewe yanakopi Wikipedia kila siku, blogu ndiyo usiseme. Mbona hao hamuwafuti? Halafu ukweli ni wa wote. Mtu akiwa amezaliwa 1950 amezaliwa 1950, nani ana hakimiliki ya mwaka?

FundiKigezo

Mchokonozi, kwa hilo la pili tuko pamoja. Sheria yetu ya 1999 kifungu cha 7 kinaacha nje habari za siku, mawazo, takwimu tupu, na pia sheria zenyewe na hukumu za mahakama. Tarehe ichukue, idadi ya watu ichukue, jina la kata lichukue. Alichonacho mwandishi ni namna alivyosimulia: mpangilio wake, maneno yake, alichochagua kukitanguliza. Tahadhari moja tu. "Habari za siku" ni tukio. Makala iliyoandikwa kuhusu tukio hilo ni ya aliyeiandika.

La kwanza ndilo linalotuchosha kuliko yote. Unakuta makala ya Wikipedia na blogu zinafanana neno kwa neno, sasa nani kamnakili nani? Ukikurupuka unafuta kazi halali ya mtu aliyeihangaikia miaka. Mimi naanza na historia ya ukurasa. Maandishi yaliyozaliwa Wikipedia hukua kidogo kidogo: mmoja kaanza na mistari mitatu, mwingine kaongeza mwaka, wa tatu kasahihisha tahajia. Kama blogu ina tahajia iliyokwisha kusahihishwa, basi ilinakili baadaye. Baada ya hapo naenda Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la nakala za zamani za kurasa za mtandaoni, kuona ukurasa wa nje ulionekana lini mara ya kwanza. Tarehe iliyoandikwa juu ya blogu haitoshi, mwenye blogu anaweza kuibadilisha anavyotaka. Nikithibitisha kwamba sisi ndio wa kwanza, naandika kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala ili mwenzangu asije akaipeleka machinjioni mwakani.

Na hao wanaonakili kwetu wana ruhusa, leseni inawaruhusu. Kosa lao ni kutotaja. Hilo anaweza kulidai yeyote aliyeandika pale, maana hakimiliki ya kila sentensi inabaki kwa mhariri wake, Wikipedia haimnyang'anyi.

MwalimuWaJiografia

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mhanga. Niliandika kwenye blogu yangu kuhusu Bonde la Ufa, nikaihamishia Wikipedia, siku ya pili ikafutwa kwa "ukiukaji wa hakimiliki". Nimejikiuka mwenyewe? Niliwaeleza kwenye majadiliano kwamba blogu ni yangu, hakuna aliyenisikiliza.

FundiKigezo

Marahaba Mwalimu. Pole, na ninakuamini. Ila jiweke kwenye nafasi ya mkabidhi: yeye anaona akaunti ya juzi inayosema "blogu ni yangu". Kila anayenakili anasema hivyo hivyo.

Njia ni mbili. Rahisi ni kuandika kwenye blogu yenyewe, chini ya makala ile, kwamba maandishi haya yanatolewa kwa leseni ya CC BY-SA 4.0. Anayeweza kuandika pale ni mwenye blogu tu, kwa hiyo umeshajithibitisha. Njia ya pili ni kutuma barua pepe kwa kikosi cha kujitolea kinachoitwa VRT (wazee wenzangu mlikijua kama OTRS mpaka 2021), kutoka anwani inayoonekana kwenye blogu hiyo. Wakiridhika wanaweka namba ya kumbukumbu kwenye ukurasa wa majadiliano na makala inarudishwa. Haifutwi kabisa kabisa, mkabidhi bado anaiona.

Angalia maneno yako lakini. Ukiandika "naruhusu itumike Wikipedia" itakataliwa. Ukiandika "kwa matumizi yasiyo ya biashara" itakataliwa pia. Ruhusa iwe kwa kila mtu, kwa kazi yoyote, pamoja na kubadili na kuuza. Wengi hapa ndipo wanapogeuka. Ni haki yao, na ni bora wageuke mapema.

Nahodha_Mvita

Niongezee hapo kutoka Mombasa. Nimeona wasomi wetu wawili watatu wakibandika sura nzima za vitabu vyao wenyewe. Kuandika ameandika yeye, sawa, lakini mkataba aliotia sahihi na mchapishaji unasemaje? Akiwa alishaiuza haki ile, barua pepe yake haina nguvu. Aandike mchapishaji. Nyinyi waalimu mikataba hamsomi.

DadaTafsiri

Jamani mbona mnanitisha. Mimi kazi yangu ni kutafsiri tu. Nachukua makala nzuri za afya kwenye tovuti za Kiingereza, naziweka kwa Kiswahili, kila neno nimeliandika mimi. Na hilo pia ni kosa?

Nahodha_Mvita

Dada, tafsiri ni kazi inayotokana na kazi nyingine, na haki ya kuitafsiri iko kwa mwenye ile ya kwanza. Hata kama maneno ya Kiswahili ni yako yote. Kwa hiyo ukurasa wa hospitali au wa shirika la habari, hapana, hata tafsiri iwe nzuri vipi.

Lakini usivunjike moyo, liko shamba kubwa halali. Makala za Wikipedia ya Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, zote ziko chini ya leseni ile ile. Tafsiri utakavyo, sharti uandike kwenye muhtasari wa kuhariri kwamba umetafsiri kutoka makala fulani ya lugha fulani, na uweke kiungo. Ukitumia kile chombo cha Tafsiri ya Maudhui kinajiandikia chenyewe. Pia vitu vilivyoandikwa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani kazini mwao havina hakimiliki kule, na vya afya viko tele. Usidhani kila serikali iko hivyo. Wasifu kwenye tovuti ya wizara yetu au ya Tanzania si mali ya umma eti kwa sababu umelipiwa na kodi.

Mchokonozi

Ngoja niwe mkweli. Nani ataishtaki Wikipedia kwa makala ya Kiswahili? Gazeti la Bongo lipeleke kesi Marekani kwa ajili ya aya tatu? Acheni utani.

FundiKigezo

Halihitaji kesi. Seva na taasisi inayoendesha Wikipedia, Wikimedia Foundation, viko chini ya sheria ya Marekani, na kule kuna sheria ya 1998 inayoitwa DMCA. Mwenye kazi anaandika notisi, Foundation ikiona imekamilika inaondoa. Ikiondoa haraka, sheria inaikinga isidaiwe. Kinga hiyo ni ya mwenye seva. Wewe uliyebandika haikuhusu. Na masharti ya matumizi yanasema wazi kwamba anayerudia rudia anaweza kufungiwa akaunti.

Notisi zinazofika ni chache kwa tovuti kubwa namna ile, na Foundation inazitangaza hadharani kwenye ripoti zake. Ni chache kwa sababu watu wa kujitolea wanafagia kabla hazijaandikwa. Siku tukisema "nani atajua", tutakuwa na kazi mara kumi.

BintiPangani

Swali langu ni la kiufundi. Nilikuta makala ya mji mmoja wa pwani. Aya ya pili mpaka ya tano zimenakiliwa, ziliingizwa zamani, na baada ya hapo watu wengi wameongeza vitu vyao vizuri: picha, jedwali la kata, vyanzo. Nifanyeje? Nikifuta yote nawaonea. Nikiacha, si sawa.

FundiKigezo

Binti, hili ndilo swali lililonifanya nifungue uzi, asante.

Kwanza tafuta kwenye historia haririo lenyewe lililoingiza maandishi yale. Kuna toleo safi kabla yake? Kama lipo, hiyo ndiyo nanga yako. Halafu tazama yaliyoongezwa baadaye na uyagawe. Jedwali la kata, picha, kiungo, sehemu mpya ya elimu, hivyo vinasimama peke yake, vihamishie kwenye toleo safi na utaje kwenye muhtasari ni nani aliyeviandika. Lakini masahihisho yaliyofanywa ndani ya zile aya zilizonakiliwa yanaondoka nazo. Mtu kabadilisha "mnamo" kuwa "mwaka" kwenye sentensi ya wizi, sentensi inabaki ya wizi. Inauma, hasa ukikuta mtu kajitahidi kunyoosha Kiswahili chake kwa mwezi mzima.

Ukishasafisha bado hujamaliza. Maandishi yamo kwenye historia, na yeyote anaweza kuyafungua na kuyanakili kutoka huko. Mwombe mkabidhi afiche matoleo yote kuanzia yalipoingia mpaka yalipotoka. Anaficha maandishi ya toleo. Majina ya wahariri hafichi, yanabaki wazi, kwa sababu leseni inadai kila aliyechangia atajwe, na kazi ya hao wazuri bado iko kwenye ukurasa wa sasa. Nimewahi kuona mtu akiomba "futa historia yote tuanze upya". Akisikilizwa, makala iliyobaki inakuwa haina wazazi, na hapo sisi wenyewe ndio tunavunja leseni yetu.

Kama hakuna toleo safi na kilichoongezwa ni koma na nukta tu, hapo ndipo kigezo cha futa kinapohusika. Weka kiungo cha chanzo kilichonakiliwa, mkabidhi asianze kutafuta upya. Na mwandikie aliyeingiza. Kwa jina lake, kwa Kiswahili cha kawaida, si lile tangazo jekundu tu. Wengi ni wanafunzi walioambiwa na mwalimu wao "kila mmoja makala tano kabla ya Ijumaa". Na ukimkamata mtu kwa moja, pitia michango yake yote. Anayenakili huwa hanakili mara moja.

MtotoWaSingeli

Wakubwa mimi ni picha. Nimemuomba msanii mwenyewe WhatsApp, kaniambia "tumia tu mdogo wangu", nimepiga picha ya skrini ya hayo mazungumzo kama ushahidi. Commons, ile hifadhi ya picha za Wikipedia, wameitoa!

BintiPangani

Mdogo wangu, msanii yuko kwenye picha, lakini aliyeipiga ni nani? Commons wanaanza na mpiga picha, mpaka uoneshwe mkataba unaosema vingine. Na mazungumzo ya WhatsApp hawayapokei, atume barua pepe mwenye haki mwenyewe. Nenda kwenye shoo, piga kwa simu yako, weka. Hata ikiwa na ukungu kidogo ni yako.

Mchokonozi

Na yule nyani aliyejipiga selfi Indonesia? Hakimiliki ya nani? 😂

FundiKigezo

Nilijua utamleta. Kamera ilikuwa ya David Slater, mpiga picha wa Uingereza, 2011. Alidai picha iondolewe Commons, mwaka 2014 Foundation ikakataa kwa hoja kwamba aliyebonyeza si mtu. Mwaka huo huo Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikasema haisajili kazi isiyotengenezwa na binadamu. Kwa hiyo msanii wako akipigwa picha na nyani, MtotoWaSingeli, njoo tuongee.

MzeeKitabu

Vijana, nami niulize. Shaaban Robert alifariki 1962. Mashairi yake yamekuwa ya umma?

FundiKigezo

Shikamoo mzee. Kwa sheria ya Tanzania ulinzi ni uhai wa mwandishi na miaka 50, inayohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa hiyo uliisha mwisho wa 2012. Ila ukifungua nakala iliyochapwa juzi, utangulizi, maelezo ya mhariri na mchoro wa jalada ni vya watu wengine walio hai. Na Marekani wana hesabu yao tofauti kwa vitabu vya nje, kwa hiyo uliza kwanza kwenye Commons kabla ya kupandisha kitabu kizima. Kwenye makala ya kamusi elezo ubeti mmoja au miwili kwa ajili ya kueleza jambo inatosha. Diwani nzima mahali pake ni Wikisource, maktaba huria ya Wikimedia.

Mchokonozi

Sawa mmenishinda. Sasa nikibadilisha maneno inatosha? Naweka visawe, napindua sentensi, kwisha.

FundiKigezo

Haitoshi, na hii ndiyo inayotupita wengi kwa sababu Earwig haiikamati. Nakupa mfano, sentensi nimeitunga mwenyewe nisimsingizie mtu. Tuseme kitabu kinasema: "Kufika kwa reli Tabora mwaka 1912 kulibadili kabisa sura ya mji uliozoea misafara ya miguu." Wewe unaandika: "Kuwasili kwa treni Tabora mnamo 1912 kuligeuza kabisa taswira ya mji uliozoea misafara ya watembea kwa miguu." Umebadilisha nguo tu, mifupa ni ile ile. Sasa funga kitabu, fungua kingine, kisha andika ulichokielewa: "Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo bidhaa kati ya bara na pwani zilibebwa na wapagazi." Hakuna aliyeibiwa, na msomaji kapata zaidi.

Ukiona huwezi kuandika bila kitabu kuwa wazi mbele yako, soma zaidi kwanza. Makala ya mistari minne yenye kigezo cha mbegu, yaani alama kwamba bado ni fupi, haimchukizi mtu.

MwalimuWaJiografia

Nimeshaweka leseni chini ya makala kwenye blogu na barua pepe nimetuma. Wakati nasubiri, naweza kuiweka nzima kwenye ukurasa wangu wa mtumiaji niendelee kuisahihisha?

FundiKigezo

Kama leseni inaonekana kwenye blogu, hata kusubiri huhitaji, mpe mkabidhi kiungo airudishe ile ya awali pamoja na historia yake. Lakini kwa wengine wanaosoma: hapana, ukurasa wa mtumiaji nao uko wazi kwa dunia na leseni ni ile ile. Rasimu ya maandishi ambayo hayajapata ruhusa ikae kwenye kompyuta yako.